Bonanza la hisani la mashabiki wa mpira Mtwara: mwongozo kamili wa maandalizi

Hapa Mtwara, kama ilivyo Lindi, Masasi na Ruangwa, shabiki wa mpira huwa na timu mbili: ya nyumbani, iwe Ndanda au Namungo, na ya Kariakoo, yaani Simba au Yanga. Hiyo ya pili ndiyo yenye matawi, kadi, daftari la ada na kibanda umiza ambamo wanachama hukutana kila timu inaposhuka uwanjani. Watu hao wanaojuana kwa majina na kwa mitaa ndio mtaji wa kwanza wa shughuli yoyote ya hisani, na ni mtaji ambao hauhitaji mfadhili. Mwongozo huu unahusu bonanza la siku moja linaloandaliwa kwa pamoja na tawi la Simba na tawi la Yanga, lenye mambo matatu ndani yake: uchangiaji wa damu, mechi ya mashabiki, na makabidhiano ya vifaa hospitalini. Nimekuwa katibu wa tawi kwa misimu kadhaa, na ninayoyaeleza hapa yametokana na yale yaliyofaulu pamoja na yale yaliyotuaibisha.

Anzeni kwa mpokeaji

Kamati nyingi huanza kwa kujadili rangi ya fulana, jina la bonanza na mgeni rasmi, kisha wiki ya mwisho ndipo zinajiuliza msaada utapelekwa kwa nani. Mpangilio huo ugeuzwe. Mwaka wetu wa kwanza tulichangishana, tukanunua magodoro 10 ya sponji yenye ganda la kitambaa, tukayapakia kwenye kirikuu na kuyapeleka katika kituo kimoja cha afya kwa ngoma na vuvuzela. Muuguzi mfawidhi alitupokea kwa heshima zote, ila uso wake haukuficha kitu. Godoro la wodini linatakiwa liwe na ganda lisilopitisha maji, linaloweza kufutwa kwa dawa kila mgonjwa anapotoka. La kitambaa hunyonya damu na mkojo, na halisafishiki. Magodoro yetu yaliishia stoo. Hakuna wa kulaumiwa ila sisi, kwa kuwa hatukuuliza.

Tangu hapo hatuchangishi hata shilingi moja kabla ya kupata majibu ya maandishi kutoka kwa mpokeaji. Kama mpokeaji ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi tunaiita Ligula, au Hospitali ya Sokoine kwa wenzetu wa Lindi, barua huelekezwa kwa Mganga Mfawidhi, na ni vizuri nakala imfikie muuguzi mfawidhi wa wodi inayokusudiwa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ni kitanda kipi kimevunjika mguu. Maneno ya barua yanaweza kuwa haya:

"Sisi ni matawi mawili ya mashabiki wa mpira wa miguu yaliyopo Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Tunakusudia kuchangisha fedha kwa ajili ya wodi ya watoto. Kabla ya kuanza, tunaomba kuelekezwa vitu vitatu ambavyo wodi inavihitaji zaidi, idadi yake, vipimo vyake, na cheo cha mtumishi atakayevipokea. Makadirio yetu ni kati ya shilingi 2,000,000 na 3,000,000. Tutashukuru kupata majibu kwa maandishi ili wanachama wetu wayaone."

Ombeni vitu vitatu vyenye gharama tofauti, si kimoja, ili michango ikipungua muwe na kitu kidogo kilicho kamili cha kukabidhi, badala ya nusu ya kitu kikubwa. Msinunue dawa. Dawa zina taratibu zake za usajili na utunzaji, na hospitali za serikali huagiza kupitia Bohari ya Dawa. Boksi lililonunuliwa duka la dawa na kukaa siku nne kwenye ofisi ya tawi yenye bati la moto halimsaidii mtu. Muulizeni pia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa sababu ndiye anayekutana na wagonjwa walioshindwa gharama na wale waliolazwa bila ndugu wa kuwaletea chakula. Mara nyingine orodha yake inakuwa na mambo madogo kuliko tulivyodhani: sabuni, khanga za kujifungulia, ndoo, nauli ya mama wa kurudi Nanyamba na mtoto wake.

Endapo mnakusudia kituo cha kulelea watoto badala ya hospitali, pitieni kwanza kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, athibitishe kwamba kituo kimesajiliwa.

Kamati na ruhusa

Watu saba wanatosha: watatu kutoka kila tawi na mmoja asiye wa upande wowote. Huyo wa saba ndiye awe mweka hazina. Sisi tulimpata mwalimu mstaafu anayeshabikia Ndanda peke yake na ambaye timu zote mbili za Kariakoo zinamchukiza kwa kiwango kilekile; hatujawahi kuwa na mtunza fedha mzuri kama yeye. Kila kikao kiandikiwe muhtasari, usainiwe na mwenyekiti na katibu, hata kama mmekutana barazani kwa dakika 20.

Barua za ruhusa huanzia serikali ya mtaa, zikapanda kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya manispaa kwa ofisa michezo, na nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Elezeni waziwazi kwamba mtachangisha fedha kwa watu na muulize kibali cha kuchangisha kinatolewa na ofisi ipi, ili msije mkaambiwa katikati ya kazi kwamba masanduku yenu hayana uhalali. Polisi wapewe taarifa yao wenyewe. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi inataka taarifa ya mkusanyiko au maandamano imfikie mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla, lakini anayesubiri saa 48 anajitafutia presha. Pelekeni wiki mbili kabla, mkitaja njia mtakayopita, muda wa kuanza na wa kumaliza, na majina ya viongozi wa kupigiwa simu.

Nembo za Simba na Yanga ni mali ya klabu. Mkitaka kuzichapisha kwenye fulana au mabango, ombeni ridhaa ya maandishi kupitia uongozi wa matawi. Sisi tumeacha kabisa: fulana nyekundu na fulana ya njano zinajieleza zenyewe.

Tarehe

Mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, inaishi kwa korosho, na kamati isiyotazama kalenda ya korosho itachangisha watu ambao mifuko yao ni mitupu. Minada ya korosho ghafi huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Mkulima hapokei fedha siku ya mnada. Malipo hupitia chama chake cha msingi na kuingia benki siku kadhaa baadaye, na fedha ya kwanza humalizikia kwenye madeni ya pembejeo na ya duka. Kwa hiyo Oktoba ni mwezi wa kuchukua ahadi, na Novemba ni mwezi wa kuzikusanya.

Kwa upande mwingine, mvua za huku huanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Aprili, na uwanja wa udongo hauchezeki baada ya mvua kubwa. Kuna pia jambo la shule. Sehemu kubwa ya damu inayokusanywa nchini hutoka kwa wanafunzi wa sekondari, na shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba wachangiaji hupungua, wakati ajali za sikukuu zinaongezeka. Ukiyaweka haya matatu pamoja, Jumamosi ya mwisho ya Novemba ndiyo siku bora katika mwaka mzima kwa mji kama Mtwara: fedha ipo, uwanja bado mkavu, na damu inakaribia kuadimika.

Iwe Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa ina swala na Jumapili ina ibada. Mwezi wa Ramadhani usiguswe, maana mchangiaji wa damu anatakiwa awe amekula na kunywa. Kabla ya kuchapisha tangazo lolote, angalieni ratiba ya Bodi ya Ligi. Siku ya Simba na Yanga hata mwenyekiti wenu hatatokea.

Fedha

Fungueni mifuko miwili tangu siku ya kwanza. Mfuko wa kwanza ni wa msaada, na kila shilingi inayoingia humo hutoka ikiwa kitu cha mpokeaji. Mfuko wa pili ni wa gharama za bonanza: spika, maji, chokaa ya uwanja, posho ya waamuzi, mafuta ya gari la matangazo. Mfuko huu wa pili ujazwe na ada za wanachama, kiingilio cha timu na wafadhili waliokubali hivyo kwa maandishi. Mama aliyetoa shilingi 1,000 yake ya mauzo ya ming'oko ameitoa kwa mtoto aliyelazwa, hakuitoa kwa ajili ya spika.

Namba ya kupokelea michango iwe lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la tawi au akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu, ambayo haitoi fedha bila saini mbili. Isiwe namba binafsi ya kiongozi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Siku akifiwa au akipoteza simu, fedha za watu zitakwama na jina lake litachafuka bila kosa. Namba ikishatangazwa isibadilishwe katikati, kwa sababu matapeli hupenda sana ujumbe wa "tumebadilisha namba".

Kwa fedha taslimu, tumieni vitabu vya risiti vyenye namba zinazofuatana, na kila mkusanyaji asaini idadi ya risiti alizochukua. Jioni hurudisha kitabu na fedha pamoja. Kila baada ya siku tatu, jumla iandikwe kwenye kundi la WhatsApp la tawi na ubaoni kwenye kibanda umiza, kwa namba ya risiti na kiasi. Wapo wanaopenda jina lao litajwe kwa shangwe, na wapo wanaotoa sadaka yao kwa siri. Namba ya risiti inawatosha wote.

Mambo manne yametusumbua kuliko mengine. La kwanza ni ahadi: msinunue kitu kwa fedha iliyoahidiwa, kwani ahadi iliyotolewa mbele ya kipaza sauti huwa nzito kuliko mfuko wa aliyeitoa. La pili ni korosho. Wakulima wema watawaambia mchukue kilo kadhaa badala ya fedha, na mkikubali mtajikuta na magunia ya korosho ghafi nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, jambo ambalo kwa macho ya serikali ni kangomba, yaani biashara haramu ya korosho, hata likiwa limefungwa utepe wa hisani. Mkulima auze kwanza kwenye chama chake, achangie baadaye. La tatu ni zaka, ambayo wapokeaji wake wamebainishwa katika dini, makundi 8; mtu akisema anatoa zaka, msiichanganye na mchango wa vifaa bali mwelekezeni kwa viongozi wa msikiti wake. La nne ni wafadhili wa bia na wa kubashiri. Watakuja, na fedha yao ni nyingi. Maoni yangu ni kwamba bango lao halikai mbele ya wodi ya watoto, na katika mji wenye Waislamu wengi litawafukuza wachangiaji wadogo 100 kwa ajili ya mmoja mkubwa.

Damu

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ushabiki unapoweza kusaidia au kuharibu. Mahitaji ya damu katika mikoa hii hutokana kwa sehemu kubwa na mama wanaotokwa damu wakati wa kujifungua na watoto wanaoishiwa damu kwa malaria. Wasilianeni na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, Kanda ya Kusini, ambayo ofisi yake ipo hapa Mtwara, angalau mwezi mmoja kabla. Wao huja na wataalamu, vitanda, mifuko na vifaa vya ubaridi; ninyi mnatoa watu, meza, viti, maji, juisi na chumba chenye kivuli na hewa. Darasa la shule jirani na uwanja linafaa kuliko turubai, kwa kuwa joto la Novemba chini ya turubai humwangusha mtu hata kabla hajatobolewa.

Matangazo yenu yaeleze masharti mapema, ili mtu asipande bajaji kutoka Mikindani kuja kurudishwa. Mchangiaji awe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, awe na afya njema na amekula. Wataalamu hupima wingi wa damu, ambao hautakiwi kuwa chini ya gramu 12.5 kwa desilita. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne, na kiasi kinachotolewa ni takriban mililita 450. Kila chupa hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa.

Sasa tuje kwenye ushindani. Ni jambo la kawaida kutangaza kwamba tawi litakalotoa chupa nyingi ndilo mshindi, na sisi tulifanya hivyo. Watu walijaa. Lakini wataalamu huwarudisha baadhi ya wachangiaji kwa sababu nyingi za kawaida: damu pungufu, shinikizo la juu, dawa anazotumia, ugonjwa wa wiki iliyopita, uzito. Kijana aliyerudishwa alitoka chumbani mbele ya wenzake waliokuwa wakihesabu kwa sauti, wakamuuliza kwa nini, akanyamaza, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajipa jibu lake la uongo. Tangu mwaka ule tunahesabu waliojitokeza, hatuhesabu chupa. Kila anayeingia chumbani hupewa utepe wa rangi ya timu yake mlangoni, kabla ya kupimwa, na wote hutokea mlango wa pili ambako kuna juisi na biskuti kwa kila mtu, aliyetoa na asiyetoa, wakakaa pale muda uleule. Idadi ya chupa hubaki kwa Damu Salama na kamati. Vivyo hivyo, msilipe mchangiaji fedha wala kumwahidi jezi, kwa sababu anayefuata zawadi anaweza kuficha maradhi yake wakati wa maswali.

Wachezaji wa mechi ya jioni wasichangie siku hiyo. Aliyetoa damu anatakiwa apumzike, anywe maji mengi na asifanye kazi nzito mpaka kesho yake, na kwa kuwa nusu ya wanachama wetu ni bodaboda, tunawashika funguo zao kwa utani mpaka wametimiza nusu saa kitini.

Siku yenyewe

Uwanja wa Nangwanda Sijaona una heshima yake, lakini watu 500 humezwa na majukwaa yake na gharama zake ni nyingine. Kiwanja cha shule chenye miembe pembeni kinachangamka zaidi. Wenzetu wa Lindi wanalijua hilo kuhusu uwanja wao wa Ilulu.

Damu ianze saa 2 asubuhi na kufungwa saa 7 mchana. Mechi ya akina mama ianze saa 8:30, ya maveterani saa 9:30 alasiri, ili kila kitu kiwe kimekwisha kabla ya magharibi. Watu wa Msalaba Mwekundu wawepo pembeni ya uwanja, kwa sababu mzee wa miaka 50 mwenye jezi mpya hukimbia kama ana 20 kwa dakika saba za mwanzo. Zawadi ni mbuzi mmoja, wa mfuko wa pili, na kwa mila yetu mshindi ndiye anayewapikia walioshindwa. Mshereheshaji apewe karatasi yenye maneno yasiyoruhusiwa: matusi ya timu, jina la chama chochote cha siasa, na hali ya mgonjwa yeyote. Mgeni rasmi aongee dakika 10. Mwambieni mapema, kwa adabu, na mwenyekiti wa mtaa akae karibu naye.

Makabidhiano na hesabu

Vifaa havikabidhiwi uwanjani. Hupelekwa hospitalini siku nyingine ya kazi, asubuhi, na watu watano tu, bila vuvuzela. Chukueni risiti ya EFD ya kila kitu mlichonunua, na mwandae hati ya makabidhiano yenye orodha, idadi, thamani, saini ya anayetoa, saini ya anayepokea na muhuri wa hospitali, nakala tatu. Ombeni vifaa viandikwe kwenye leja ya hospitali mbele yenu. Vitu vidogo vipakiwe kwenye vikapu au mifuko mbadala, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na itakuwa aibu kuzuiwa getini.

Picha zipigwe kwa vifaa na kwa wanaokabidhiana, si kwa wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za afya, na hata bila sheria, mama aliyekaa usiku kucha na mtoto mwenye degedege hakuja hospitali kuwa tangazo la tawi.

Hesabu itolewe ndani ya siku 14. Iwe ukurasa mmoja: kilichoingia kila mfuko, kilichotoka, kilichobaki, na namba za risiti za mwanzo na mwisho. Kilichobaki kisigawanywe na kisinunuliwe soda, kiandikwe kitakakokwenda. Mwaka jana zilibaki shilingi 46,500 kwenye mfuko wa msaada, tukarudi kwa ofisa ustawi wa jamii, naye akazigeuza sabuni na nauli za watu watatu.

Karatasi hiyo ibandikwe kwenye kibanda umiza cha Simba na kile cha Yanga, pembeni ya ratiba ya ligi, pamoja na nakala ya hati yenye muhuri. Chini yake andikeni tarehe moja tu: ya mwishoni mwa Februari, miezi mitatu baada ya bonanza. Damu iliyohifadhiwa hudumu takriban siku 35, kwa hiyo iliyotolewa Novemba haitakuwepo mvua zitakapokuwa zimekolea na malaria imepanda. Siku hiyo hakuna mechi, mbuzi wala mgeni rasmi. Wanaume wanakutana kibandani saa 2 asubuhi, na wanawake hupewa tarehe yao ya mwishoni mwa Machi.